Askari wa Bure wa Mwalimu Asukulu

Siku ile ninaikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko hata siku niliyofunga ndoa. Ilikuwa siku ya Mungu, mchana, watu wametoka kanisani, Wakatoliki na Waprotestanti pia, na nusu ya mji wa Baraka ilikuwa imejazana kwenye nyumba ya mikutano ya makarani kutazama watu wawili wamekaa kimya mbele ya ubao. Mmoja wa wale wawili alikuwa mimi. Nilikuwa nimevaa suruali ya kaki niliyoipiga pasi mwenyewe, na jasho lilikuwa linanitoka kana kwamba nimepanda kutoka ziwani hadi Fizi kwa miguu.

Umekuja kuniuliza habari za mchumba wako na familia yake, na umenieleza kwa muda mrefu wanavyokuangalia, na yule mjomba wake aliyekusalimia kwa mkono wa kushoto. Nimekusikiliza. Sasa na wewe unisikilize, kisha utajua mwenyewe ufanye nini.

Wakati huo tulikuwa bado chini ya Wabelgiji. Mimi nilikuwa anfirmie, yaani muuguzi, bado kijana, katika hospitali ya Fizi. Kazi yangu ilikuwa kuosha vidonda, kupiga sindano, na kugombana na wazee waliotaka sindano hata kwa maumivu ya meno. Daktari wetu, Mzungu mmoja mpole aliyechoka upesi na jua, alikuwa na mchezo wa sataranji, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kucheza naye alinifundisha mimi. Sisi tuliuita kwa Kifaransa, eshéki. Kama hujauona, ni vita vya watu wawili juu ya ubao wa viraka. Kila mmoja ana mfalme wake, malkia, farasi, minara, na mbele yao mstari wa askari wadogo. Ukimfunga mfalme wa mwenzako akakosa pa kukimbilia, umeshinda. Kuna kete moja ambayo Wafaransa wanaiita kichaa, na wengine wanaiita askofu. Nilipomweleza baba yangu jambo hilo alicheka hadi akaweka chakula chini.

Daktari alipohamishwa aliniachia ubao ule. Halafu nikasikia kwamba Baraka kuna makarani wanaocheza, na Lweba kuna mwalimu, na hata Mboko kuna watu wawili. Ndipo makarani wakapanga mashindano. Mshindi angepanda gari mpaka Bukavu kucheza na wa huko. Leo unaona Bukavu si kitu. Enzi zile kijana wa Fizi akisema amefika Bukavu, watu walimpisha kiti.

Mimi niliwapiga wa Mboko, nikampiga karani wa posta. Na kila nilipomaliza mchezo nilisikia jina la yule anayeshinda upande wa pili: mwalimu Asukulu wa Lweba.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanza, kwa sababu Asukulu alikuwa kaka mkubwa wa Feza.

Feza ndiye bibi yako, mama wa mama yako. Wakati ule alikuwa msichana wa Lweba anayeshona nguo kwa cherehani ya shangazi yake, na asubuhi anaanika ndakala, wale dagaa wa ziwa, mchangani kama wasichana wote wa pwani ile. Baba yao alikuwa amekwisha kufa, na mwenye neno katika nyumba alikuwa Asukulu. Familia yangu ilikuwa imekwisha kutuma mtu wa kuulizia. Tulikuwa hatujajibiwa ndiyo, wala hatujajibiwa hapana. Na sasa niketi mbele ya mwenye nyumba, nimpige au nipigwe, mbele ya watu.

Nilimwendea baba. Aliweka jembe chini, akafikiri sana.

"Mutu anaomba bibi," akasema, "hapigake mwenye nyumba mbele ya batu. Ukimupiga, kesho utabisha hodi kwake na uso gani? Pigwa. Lakini pigwa vizuri, asijue."

Nilishuka Baraka, nikafikia kwa rafiki yangu Amisi, karani wa pamba, mtu wa maneno mengi. Nikamweleza alivyosema baba.

"Baba yako iko na roho ya zamani," Amisi akasema. "Asukulu ni mutu ya masomo. Ukipigwa, atasema huyu ni mulegevu, siwezi kumupatia dada yangu. Piga yeye. Piga yeye haraka, heshima ije."

Basi nikaingia katika ile nyumba nikiwa na baba yangu sikio hili na Amisi sikio hili. Nilitaka mtu wa tatu aniambie ukweli uko wapi, na mtu wa tatu hakuwapo. Asukulu alisimama kunipa mkono. Alikuwa mrefu, mkavu, amevaa tai nyeusi, na hakutabasamu wala hakukunja uso.

"Ulishuka salama?" akaniuliza.

"Salama, mwalimu."

"Na baba yako?"

"Iko salama."

Hayo ndiyo maneno yote. Nikaanza kuyapima hapo hapo. Kwa nini amemuuliza baba? Je, anajua kwamba baba amenishauri? Au ni salamu tu? Unaona, mwanangu, mchezo haujaanza na mimi tayari nimekwisha kupotea.

Yeye ndiye aliyeanza. Alimsukuma askari aliyesimama mbele ya mfalme wake, nami nikafanya vivyo hivyo, kama daktari alivyonifundisha. Askari wake na wangu wakatazamana uso kwa uso katikati ya ubao. Mpaka hapo nilikuwa naijua njia. Kisha Asukulu akamchukua askari wa jirani, akamweka kando ya yule wa kwanza, pembeni kidogo ya askari wangu, mahali ambapo ningeweza kumla bila kizuizi chochote. Hakuwa na mlinzi. Alikuwa wa bure.

Daktari hakuwahi kunionyesha kitu kama kile. Yeye alianza michezo yake yote kwa uangalifu, kila askari na mlinzi wake. Nilimtazama Asukulu. Alikuwa anatazama ubao, mikono ameiweka magotini.

Nikajiuliza: ananipa? Mkwe anampa mkwe kitu mbele ya watu, ni ishara. Labda ndilo jibu la posa tuliyoulizia, amelileta kwa njia ya kiungwana. Basi nimle, kukataa zawadi ni matusi. Lakini kabla mkono wangu haujafika ubaoni nikawaza tena: pengine ananijaribu aone kama mimi ni mtu wa tamaa, wa kunyakua kila kinachowekwa mbele yake. Mtu kama huyo nani atampa dada yake? Basi nisimle. Halafu wazo la tatu likaja, kwamba ananidharau, ananiambia kwamba hata akinipunguzia askari mmoja bado atanishinda. Kila wazo lilikuwa na sauti yake na kila moja lilisema kweli. Nilipotazama pembeni nikamwona Amisi ananikodolea macho, mdomo wake unatamka bila sauti: kula, kula.

Sikumla. Nikasogeza askari wa pembezoni kabisa, hatua isiyo na maana, kama mtu anayekohoa kwa kukosa la kusema. Asukulu akanyanyua nyusi kidogo, akatoa farasi wake. Nikakohoa tena upande wa pili. Naye yule askari wake niliyemwonea haya akamla wa kwangu, akasimama pale katikati amepanua kifua.

Kuanzia hapo, mwanangu, sikucheza na Asukulu tena. Nilicheza na mtu niliyemtunga kichwani. Kila alichosogeza nilikitafsiri. Akivuta mnara, nilisema amekasirika. Akirudisha farasi, nilisema amenihurumia. Akikohoa, nilitafuta kikohozi kile kina maana gani. Watu walinong'ona, joto likapanda chini ya mabati, na mimi nilikuwa sijui hata kama nashambulia au nashambuliwa.

Kisha kikatokea kitu ambacho mpaka leo kinanishangaza. Asukulu aliinua malkia wake, kete yenye nguvu kuliko zote, akamweka mahali ambapo farasi wangu angemfikia kwa mruko mmoja. Hata wasiojua mchezo walijua kuna kitu, kwa kuwa wanaojua waliacha kupumua.

Ningemla ningeshinda. Mtoto angeona. Lakini mimi nilikaa nikimtazama malkia yule, na nikamwona Feza. Nikawaza, huyu mtu ameanza na askari, sasa ameleta malkia. Nikimnyakua mbele ya watu, si kama nimesema dada yake nimemchukua kwa nguvu? Nikimwacha, si kama nimesema simtaki? Nikashika farasi, nikamwachia. Mwishowe nikasogeza mnara, mbali kabisa na pale.

Asukulu akatazama ubao. Nikaona mkono wake umesimama kidevuni. Ndipo alipoona mwenyewe alichokifanya. Akainua macho polepole akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu tuketi, akanitazama muda mrefu. Kisha akamwondoa malkia wake pale, na baada ya muda mfupi mfalme wangu alikuwa hana pa kwenda.

Watu walipiga makofi. Yeye aliinama juu ya ubao akaniuliza kwa sauti ya chini, "Uliona malkia yangu?"

"Niliona."

"Juu ya nini ukaacha?"

Ningesema sijui, ingekuwa kweli tupu. Nilinyamaza. Nilidhani kunyamaza ni adabu. Akanipa mkono, mkono baridi, akaondoka na watu wake.

Nilirudi Fizi nikijiambia, basi, nimepigwa kama alivyotaka baba, mambo yatakuwa sawa. Asukulu akaenda Bukavu. Nilihesabu kwamba akirudi tu jibu letu litakuja. Alirudi, na kweli neno lilikuja, lakini lilikuwa hili: wazee wa Fizi wasishuke kwanza. Hakuna sababu iliyotajwa.

Nilichanganyikiwa kuliko siku ya mchezo. Nimeshindwa, naye amekasirika? Baba alisema pengine nilipigwa vibaya, akajua. Amisi alituma maneno kwamba alinionya. Nikakaa hospitalini nikifunga bandeji na kuwaza. Usingizi ulinikimbia, na siku moja nilimpa mzee mmoja dawa ya macho anywe. Bahati yake aliuliza kwanza.

Ndipo akapanda Shangazi Mapendo. Huyo alikuwa dada wa marehemu baba yao Feza, mwenye ile cherehani, mwanamke mnene wa sauti nzito ambaye Lweba nzima ilimwogopa na kumpenda. Alikuja na mkono umevimba kwa mwiba wa samaki. Nilimketisha, nikaanza kuusafisha. Alinitazama tu, hata nilipobana usaha hakutikisika.

"Ni wewe ulimuhurumia mutoto wetu," akasema mwishowe.

Nikaacha pamba. "Shangazi, mi sikumuhurumia."

"Asukulu anasema ulimuhurumia. Anasema alisahau malkia, ukaona, ukamwachia sawa mutu anaachia mutoto mudogo. Alienda Bukavu na haya. Kule banamupiga mara ya kwanza tu. Anasema haikukuwa safari yake, ulimutupia sawa mufupa. Na mutu mwenye anamutupia mufupa, hawezi kumupatia dada."

Maneno yale yaliniangukia kama maji ya baridi. Nikamweleza yote, mwanangu. Askari wa bure, zawadi, jaribio, dharau, baba yangu, Amisi, malkia, Feza. Nilieleza huku nimeshika mkono wake, sindano imelala kwenye sahani. Nilipomaliza akaanza kucheka kwa tumbo, bila kelele, hadi mkono ukatikisika nikashindwa kuufunga.

"Kijana," akasema alipotulia, na sasa hakuwa anacheka tena. "We uliuliza baba yako roho ya Asukulu iko namna gani. Baba yako anamujua Asukulu?"

"Hapana."

"Uliuliza ile karani. Yeye anamujua?"

"Anamwona tu njiani."

"Asukulu alikaa mbele yako, karibu sawa mi na weye. Ulimuuliza?"

Nikachukua bandeji.

"Na Feza. Ulimuuliza Feza kama anakutaka?"

Hapo niliinamisha kichwa, kwa sababu ni kweli. Tulikuwa tumetuma watu kwa kaka, kwa wajomba, kwa wazee. Mimi na Feza tulikuwa tumesalimiana tu, na salamu zile nilizibeba Fizi nikazitafuna kwa majuma.

"We unaogopa batu," Shangazi Mapendo akasema, "alafu unaita ile heshima. Heshima ni kumuuliza mutu kwa kinywa yake. Ukimufikiria pembeni, ukamupatia mawazo yenye hana, umemwibia. Funga mukono yangu sasa, gari itaniacha."

Nikaufunga. Nilifunga vibaya, akaufungua akanirudishia nifunge tena.

Nilipopata ruhusa niliteremka Lweba. Ilikuwa asubuhi, jua bado chini juu ya ziwa, na Feza alikuwa mchangani anageuza ndakala kwa ufagio wa majani. Aliniona tangu mbali, akaendelea kugeuza. Nilisimama upande wa pili wa samaki wake.

"Shangazi alinieleza," akasema kabla sijafungua mdomo. "Ulikuja kwa yaya Asukulu?" Yaya ndivyo alivyomwita kaka yake.

"Nilikuja kwako kwanza."

Akaacha ufagio. "Kwangu kufanya nini?"

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima, ya Kiswahili cha shule. Yote yalikimbia. "Kukuuliza kama unanitaka," nikasema.

Alinitazama. Kisha akatazama samaki, akaondoa mmoja aliyeharibika akamtupia kunguru. "Bado sijuwe," akasema. "Unajua weye ni kunguru ya kwanza kuniuliza? Bengine bote banauliza yaya. Rudi siku ingine, uniulize tena. Nitakuwa nimefikiri."

Alikosea neno, alitaka kusema ni mtu wa kwanza, ulimi ukamteleza kwa sababu alikuwa anamtazama kunguru, na tukacheka wote wawili kwa pamoja. Mwanangu, sikujua kama nimekubaliwa au nimekataliwa. Lakini niliondoka pale nikiwa mwepesi, kwa sababu kutojua kule kulikuwa kwake, alikuwa amenipa mwenyewe, si kitu nilichokitunga mimi.

Nilimkuta Asukulu nyuma ya shule anasahihisha kazi za wanafunzi. Hakuniambia nikae. Nikasimama.

"Mwalimu, nimekuja kuuliza. Siku ile, mwanzo kabisa, juu ya nini ulinipatia ile askari ya bure?"

Akaweka kalamu. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyeelewa swali. "Juu ya nini? Mi naanzaka vile. Mupadri mwenye alinifundisha alikuwa anaanza vile. Sijuwe kuanza namna ingine."

"Haikuwa ishara?"

"Ishara ya nini?"

Nikamweleza. Yote, hata la malkia, hata nilivyomwona Feza juu ya ubao. Nilieleza nikitazama viatu vyake. Nilipomaliza nikainua macho, nikaona tai imelegea na yule mtu mkavu amejishika mbavu kwa kicheko.

"Kumbe haukunihurumia," akasema.

"Nilikuwa nimepotea."

"Ulikuwa umepotea," akarudia, kama mtu aliyeletewa habari njema kutoka mbali. "Kaa."

Akaleta ubao. Akaanza vilevile, askari wa mfalme, kisha yule wa pembeni, wa bure. Nikamla. Akatabasamu. Tulicheza hadi jua likawa juu ya kichwa, tukabishana, tukaulizana kila hatua, Shangazi Mapendo akatuletea bukari na sombe, ugali na majani ya muhogo, tukala mkono mmoja ubaoni. Na akanipiga. Alinipiga safi, na farasi wangu wote wakiwa hai.

"Leo nimekupiga mi mwenyewe," akasema, akanishika bega. Bukavu hakuitaja tena.

Feza nilimuuliza tena, na tena. Alipokuja kusema ndiyo ilikuwa baada ya mavuno ya muhogo, na wazee wa Fizi wakashuka, na mambo mengine yote yakafuata njia yake. Sisemi maisha yetu yalikosa giza. Tuliona mengi katika nchi hii, na mara nyingi tuliamka hatujui kesho iko upande gani. Lakini katika nyumba yetu mtu akinyamaza, mwenzake alimuuliza.

Sasa, mwanangu, umeniuliza mjomba wa mchumba wako alimaanisha nini kukusalimia kwa mkono wa kushoto. Mimi sijui. Simjui huyo mtu. Pengine alikudharau, pengine mkono wa kulia unamuuma. Rafiki zako wanaokueleza maana yake hawajui pia. Nenda kwake. Nenda mchana, kwa adabu, keti chini kabla hujasema, na umuulize yeye. Akikupa jibu la kuuma, litakuwa jibu, utalibeba. Na msichana mwenyewe umuulize kabla ya wote, na umsikilize hata akisema bado hajui. Kuchanganyikiwa hakuui mtu. Usione haya kusema, sielewi, nielezee. Kinachoharibu ni kujijibu peke yako kwa niaba ya watu wengine, kisha ukawakasirikia au ukawaogopa kwa maneno ambayo hawajayasema.

Mungu akufungulie kinywa mahali pa kuuliza, na akufunge kinywa mahali pa kusikiliza. Nyumba utakayojenga iwe na watu wanaosemezana. Watoto wako wasikuogope kukuambia wasichokijua. Na unaporudi kutoka huko kwa mjomba, upite hapa kwanza kabla ya kwenda kwa rafiki zako, unieleze alivyosema.